Kitambulisho cha Mke wa Fundi Viatu

Vifungo vilianza kucheza ndani ya kopo kabla hakujapambazuka. Mama Pacha alifumbua macho. Simu aliyoiweka juu ya mfuniko wa kopo ilikuwa inatetemeka. Aliikimbilia upesi, maana pacha wake wakiamka mapema, siku nzima huwa ni vurugu.

"Haloo?"

Sauti ya mwanamume, laini kama hariri, ikamwita kwa majina yake matatu. Hata jina la babu yake, ambalo hata majirani hawalijui.

"Umezaliwa mwezi wa tisa, sivyo, mama? Akaunti yako ya kubashiri mpira imepata zawadi. Nimekutumia namba sita. Nisomee."

"Akaunti gani? Mimi sibashiri hata mvua!"

"Kama si yako, soma namba hizo tuifute. Ukichelewa, laini yako inafungwa."

Laini hiyo alikuwa nayo miaka kumi na tisa. Yeye ni mshonaji wa sare za shule na magauni, na wateja wake wote walimpata kwa namba hiyo. Hofu ikaitangulia akili. Akazisoma zile namba, moja moja, mpaka ya sita.

Simu ikakatika. Alipofungua programu yake ya ujumbe, ikamwambia kwamba namba yake sasa inatumika kwenye simu nyingine.

Akaketi juu ya furushi la vitambaa.

"Baba Pacha! Amka! Kuna mtu ananijua kuliko mama yangu mzazi!"

Mumewe alitoka chumbani akifikicha macho. Alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Soli. Mkewe alimweleza yote. Aliposikia neno "kubashiri", Soli akanyamaza. Na Soli hanyamazi ila akiwa na misumari mdomoni.

"Sema," mkewe akamwambia.

"Nili... nilikusajili."

"Ulinisajili wapi?"

"Kwenye mchezo wa kubashiri. Mtu mgeni hupewa zawadi ya kuanzia. Yangu nilishaitumia. Nikasema nikiingia kwa jina lako, nitapewa nyingine. Nikakipiga picha kitambulisho chako, nikajisajili kwa simu yako ukiwa umelala."

"Kitambulisho tu?"

Soli akatazama chini. "Walitaka na uso."

Mama Pacha akashika shavu. "Ile siku uliniambia nicheke, unipige picha? Nikadhani unanipenda!"

"Nakupenda, mke wangu!"

"Wewe unanipenda, na mwizi ndiye mwenye picha!"

Kabla Soli hajajibu, simu ikaita tena. Safari hii alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi.

"Mama Pacha, unaniandikia alfajiri nikutumie picha ya kitambulisho changu. Vipi, unataka kuniposa?"

Mama Pacha hakuweza kucheka. Mtu yule alikuwa anawaandikia wateja wake kwa jina lake! Jina alilolijenga kwa sindano na uzi, mtu analibomoa kwa kidole.

"Usitume kitu, mwalimu! Si mimi!"

Hawakungoja chai. Walimwachia bibi wa pacha watoto, wakaenda kwa mwanamke jirani anayetengeneza simu. Watu walimwita Bisibisi, kwa sababu hiyo haimtoki mfukoni, hata akienda harusini. Alikuwa bado anapiga mswaki. Alipoziona nyuso zao, alisukutua haraka akawafungulia kibanda, na akamvutia Mama Pacha kiti chake mwenyewe, huku akisikiliza kisa chote.

"Kaa, dada. Tetemeka ukiwa umekaa. Laini ingali ndani ya simu yako?"

"Ipo."

"Basi bado tuna pa kushika."

Aliiingiza upya namba ya Mama Pacha kwenye programu ya ujumbe. Namba sita mpya zikaja. "Hizi unaziingiza wewe, kwa mkono wako. Hata mimi usinisomee." Mama Pacha akaziingiza. Programu ikafunguka.

"Yule sasa katolewa nje," Bisibisi alisema. "Tutie kufuli la pili. Chagua namba ya siri unayoijua wewe peke yako. Siku nyingine mwizi akipata zile sita, atakwama hapa."

Kisha akaendelea kukagua simu. Ghafla akaguna.

"Baba Pacha, programu hii ya kubashiri uliitoa wapi?"

"Kwenye linki. Mtu aliituma katika kundi letu la mpira. Mwenye kundi simjui, ila ana maneno mazuri."

"Na ilipokuuliza kama isome majina na namba zilizomo kwenye simu, ulibonyeza nini?"

"Ruhusu. Iliuliza mara nne. Nikaruhusu mara nne, nisikose mechi."

"Mungu wangu!" Mama Pacha alisimama. "Kumbe wateja wangu wote uliwamwaga mwenyewe!"

Bisibisi alimrudisha kitini taratibu. Akamgeukia Soli.

"Shemeji, mteja akikuletea kiatu, humpa mpita njia akavae?"

"La hasha! Si ningefunga kibanda?"

"Basi kitambulisho cha mkeo ni kiatu cha mtu. Hukupaswa kukitoa bila mwenyewe kujua. Hata kampuni ya halali hairuhusu mtu kucheza kwa jina la mwingine. Na hii uliyoiingia si kampuni. Ni mtego uliovaa jezi."

Soli alikosa pa kuficha uso.

"Mimi si mama yako, sikukatazi," Bisibisi aliendelea, sauti ikilegea. "Ila mchezo huu unakula watu. Ukiucheza, cheza kwa jina lako, kwenye kampuni yenye kibali. Anwani yake iandike mwenyewe, usifuate linki za makundi. Neno la siri la mchezo lisifanane na la benki wala la simu. Ukishinda, usitupie tiketi yenye jina na namba yako kundini. Na programu ya mpira ikitaka majina ya watu wako, jiulize: ya nini? Wao ni magolikipa?"

Mama Pacha alicheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Machozi yalikuwa bado shavuni.

"Na picha zilizokwisha kwenda?" aliuliza.

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Lakini bomba tunalifunga. Ripotini polisi na kampuni ya simu leo hii, waandike kwamba kitambulisho chako kiko mikononi mwa watu wabaya."

Bisibisi aliifuta programu ile. Soli alibadilisha maneno yake yote ya siri, akatoka kwenye kundi. Mchana walikuwa wamesharipoti. Jioni walikuwa wamewapigia wateja wote. Mmoja tu hakupokea: nesi mstaafu, anayeishi peke yake.

Walikwenda mbio hadi kwake. Walimkuta mezani, kitambulisho mbele yake, simu mkononi.

"Afadhali mmekuja! Picha nimepiga tangu asubuhi, miwani ndiyo siioni; hata simu ikiita sijui pa kubonyeza. Nisaidieni nikutumie."

"Usitume, mama! Si mimi niliyeomba!"

Bibi yule akaiweka simu mezani. "Ningekutumia bila kuuliza, mwanangu. Mwaka ule nilipovunjika mkono, uligeuza magauni yangu yote yafunguke mbele. Ukiomba wewe, nani atakunyima?"

Soli alipiga goti. Alimweleza kosa lake mwenyewe, hakumwachia mkewe aibu. Kisha akaitafuta miwani mpaka akaiona chini ya mto, na Mama Pacha akamfundisha bibi kutia kufuli la pili.

Simu ya Mama Pacha ikaita. Ilikuwa sauti ile ya hariri.

"Mama, kuna hitilafu. Nisomee namba sita nilizotuma."

"Sisomi," alijibu. "Na taarifa yako iko polisi." Akakata.

Nesi alicheka mpaka akakohoa. Walipoaga, aliwasindikiza hadi mlangoni, akaushika mkono wa Soli kwa mikono yake miwili.

"Njooni tena wiki ijayo," alisema. "Mje na hao pacha. Nami niwaone siku ambayo hatujatishana."