Babu Yangu Ndani ya Nailoni

"Weka ile kitu chini, Julienne! Pole pole! Hapana shika ku pembe!"

Julienne hakuiweka chini. Alisimama katikati ya sebule ya mchumba wake, kasha la filamu mkononi, akiwa amesahau kabisa kwamba alifungua kabati kutafuta waya wa kuchaji simu tu.

"Hii ilifika hapa lini?"

"Ni diski tu, chérie. Niko nazo mia tatu, unazijua."

Kweli alizijua. Nephtali Mbusa aliuza simu na redio sokoni, lakini kila alichopata kiliishia kwenye lile kabati: filamu za zamani, zile zinazosafishwa upya picha kwa picha mpaka mambo ya miaka ya hamsini yanang'aa kama yamepigwa jana, kisha zinatiwa kwenye diski za Blu-ray, kila moja na kasha lake gumu na kitabu chake. Ndugu zake wa Butembo walimcheka hadi wakachoka. Julienne peke yake ndiye aliyekaa naye kuzitazama, na mapenzi yao yalianzia hapo.

Lakini hii ilifichwa nyuma ya nyingine, bado imo ndani ya nailoni ya kiwandani. Nyuma yake iliandikwa kwa Kifaransa: wavuvi wa maporomoko, Stanleyville (ndiyo Kisangani ya leo), 1958, dakika tisini na mbili. Chini yalifuata majina ya wavuvi wenyewe.

"Soma jina ya tatu," Julienne alisema.

"Julienne, tafazali..."

"Soma!"

"Henri Lokangu."

"Ni nani?"



"Ni koko yako. Baba ya mama yako."

Sasa, msomaji wangu, usimwone Julienne ana kelele za bure. Mama yake, Mama Augustine, hajawahi kuuona uso wa baba yake mzazi. Mto ulimchukua Henri huku mwanawe akiwa bado tumboni. Hakuacha picha hata moja. Kilichobaki ni simulizi ya nyumbani tu, kwamba mwaka ule Wazungu walikuja na kamera wakamfuata juu ya magogo ya mitego, maji yakichemka chini yake, yeye anacheka. Leo Mama Augustine ana miaka sitini na sita. Jicho la kushoto limezimika, na la kulia daktari amesema lisitegemewe kufika Noeli.

Julienne alikuwa amemweleza Nephtali yote hayo, na Nephtali akaapa kuitafuta hiyo filamu. Siku ya Pasaka akaja na flash yenye dakika moja na nusu, picha ya giza na ukungu.

"Hii njo yote inabakia, mama," alisema siku ile. "Ingine ilipotea."

Mama Augustine aliisogelea televisheni hadi pua ikagusa kioo. Aliona kivuli. Hata hivyo alimshika Nephtali mikono yote miwili, akamwita mwanangu, akampikia samaki mkubwa wa mtego wa kwao. Wajomba waliokuwa wanasitasita kumpa binti yao mfanyabiashara wa Kivu walilainika palepale, na mwezi uliofuata wakapokea mahari. Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano.

"Siku ya Pâques," Julienne aliuliza polepole, "hii diski ilikuwa ndani ya hii kabati?"

Nephtali alianza kupanga upya makasha yaliyobaki kabatini.

"Nephtali, nakuuliza! Ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa na wiki mbili."

"Wiki mbili! Na mama alikushika mikono! Ulikula samaki ya mama yangu, ukaomba ingine!"

"Sikiliza kwanza. Bon. Wametoa mia tano tu, kwa dunia muzima. Hii ni namba arobaini na moja. Ukipasula nailoni, imekufa. Hakuna collectionneur, mwenye kukusanya filamu, ataiangalia tena."

"Koko yangu iko ndani ya nailoni, wewe unanihesabia namba?"

"Niliitafuta juu yako! Nakuapia. Nilitaka kuifungua. Alafu ilifika, nikaiangalia namna iko propre, safi kabisa, nikasema nitafungua kesho. Na kesho. Na kesho."

Hapo simu yake iliyokuwa mezani ikawaka. Nephtali aliirukia, lakini Julienne alikuwa karibu zaidi. Ujumbe ulitoka kwa Octave wa Brussels, yule wanayebadilishana naye filamu. Julienne aliusoma kwa sauti, kila neno likimtoka na moto wake:

"Ndugu Mbusa, muyomba wangu anapanda ndege jeudi, Alhamisi hii, mupatie ile namba 41. Coffret yako, ile sanduku ya filamu unatafuta tangu miaka sita, iko tayari. Mais attention: kama imefunguliwa, hakuna échange."

Alimtazama Nephtali mpaka mwanamume akatafuta pa kuweka macho.

"Jeudi. Ulitaka kumutuma ku Brussels jeudi!"

"Alafu ningetafuta ingine, ya kufunguliwa, ya mama. Octave anasema miezi tatu, ine..."

"Miezi ine mama ataiona na nini? Na magoti? Macho yake unayajua!"

"Hapana lalamika, watu watasikia."

"Wasikie! Wasikie wote, avenue muzima!"

Aliisukuma diski ndani ya mkoba wake, akatoka bila kufunga mlango, akasimamisha pikipiki na kuamuru apelekwe Wagenia, kwa mama yake. Njia nzima alilia kwa hasira.

Nyumbani, karibu na maporomoko, Mama Augustine alisikiliza kisa chote amekaa kwenye kiti chake cha mwanzi. Rolly, mdogo wake Julienne, aligeuza kasha huku na huku.

"Dada Julie, lecteur yetu ni ya DVD. Haisome hii. Ndani ya Kisangani mi najua mashine moja tu ya kuisoma."

"Iko kwa nani?"

"Unajua iko kwa nani."

Simu ya Julienne ikalia. Ni Nephtali. Julienne aliiweka kwenye sauti kubwa ili kila mtu asikie.

"Chérie, ulifungua?"

Hakumwuliza kama amefika salama, wala mama amesema nini.

"Ni ile njo unauliza kwanza? Ni ile tu?"

"Hapana, nilitaka..."

Mama Augustine alinyosha mkono, akapewa simu.

"Nephtali."

"Jambo, mama."

"Sikupokea simu juu ya jambo yako. Lete mashine. Na ile televizyo yako kubwa. Saa hii."

Ukwe ni ukwe. Haikupita saa moja, Nephtali alishuka kwenye pikipiki amekumbatia televisheni na mashine, vyote vimefungwa blanketi, jasho limemlowesha shati. Alisalimia. Rolly peke yake ndiye aliyeitikia. Nephtali aliunganisha nyaya zake, kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe na kuchomoa wembe mfukoni.

"Mama, nipe nipasule hapa chini tu, kidogo sana. Nailoni itabakia muzima, tunaweza..."

Mama Augustine aliinua kasha mdomoni, akaing'ata nailoni kwa meno yake mwenyewe, akaichana kutoka juu hadi chini. Nephtali alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano.

Picha ilikuja. Haukuwa ule ukungu wa Pasaka. Ungeweza kuhesabu matone kwenye kamba za mitego na nyuzi za magunia waliyojifunga wanaume viunoni. Kijana mmoja alipanda juu ya magogo, akageuka, akaitazama kamera na kucheka kwa meno yote. Sauti ya msimulizi ikasema: Henri.

"Simamisha hapo! Rolly, toka mbele yangu!"

Mama Augustine aliburuta kiti mpaka karibu, akainamisha kichwa ili lile jicho moja lifanye kazi.

"Yeye njo baba?" alisema mwishowe. "Lakini ni mutoto! Ni mutoto kabisa, Julie! Ni mudogo kuliko Rolly!"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote mi naomba muzee anisaidie, kumbe nilikuwa nasumbua kijana."

Alicheka, kisha akalia. Aligusa masikio ya yule kijana kwenye kioo, halafu masikio ya Rolly, yaleyale, yametoka nje vilevile.

"Papa," alisema. "Mi njo Augustine."

Waliitazama yote. Mwishoni Mama Augustine alijifuta uso na kitambaa chake, akamgeukia Nephtali aliyekuwa amejikunyata karibu na mlango.

"Wewe ulinidanganya na mudomo yako, ukala samaki yangu. Sitasahau. Lakini leo moyo yangu imejaa, siko na nafasi ya kasirani. Julie, mupe lituma, akule."

Julienne alikwenda kumwekea hizo ndizi za kupondwa. Hasira ilikuwa imeanza kumpoa, hata mimi ninayesimulia nilidhani sasa mambo yamekwisha. Aliporudi na sahani alimkuta Nephtali amepiga magoti sakafuni, anaokota vipande vya nailoni kimoja kimoja na kuvinyoosha kwenye kiganja.

"Chérie," alimnong'oneza, "diski nitarudia nayo kwangu. Hapa karibu na maji iko humidité mingi, itaharibika. Mama akitaka kuona, ananiita, atakuja kwangu dimanche, siku ya kanisa."

Julienne aliweka sahani chini.

"Twende inje."

Nje maji yalikuwa yananguruma, ikabidi waseme kwa nguvu.

"Nakosea nini tena?" Nephtali alilalamika. "Mashine, nimeleta! Televizyo, nimeleta!"

"Uliitwa, njo ulileta."

"Nailoni imepasuka, Octave atakasirika, coffret nimepoteza. Unataka nini zaidi?"

"Unaona? Mpaka sasa unahesabia ile ulipoteza."

"Mama mwenyewe amenisamehe!"

"Mama leo ameona baba yake. Mi nimekuona wewe."

Alivua pete. Ilikwama kwenye kiungo, akaivuta kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka, akaiweka kwenye kiganja cha Nephtali juu ya vile vipande vya nailoni.

"Julienne, wiki tano tu! Kanisa inajua, watu wanajua!"

"Wajue. Dot, ile mahari batonton walipokea, watakurudishia. Diski ni ya mama. Mashine na televizyo utakuja kubeba ile siku macho yake itazimika. Mbele ya ile siku, nisikuone hapa."

Nephtali aliuangalia mlango wa chumba ilimobaki diski. Alipanda kwenda barabarani kutafuta pikipiki, mkono bado umekunja ngumi.

Julienne alisimama mpaka alipopotea, akijuta kwamba hakumzaba hata kofi. Kisha akasikia sauti ya mama yake kutoka ndani, ikimwambia Rolly arudishe filamu mwanzo, naye akaingia kukaa karibu naye.