Nikimaliza Nyumba ya Mwalimu

Watu wa mtaa walimwita Fundi Sawa. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na kila alichoambiwa alijibu, "Sawa." Ukimwambia aje alfajiri, sawa. Ukimwambia arudie ukuta mzima, sawa. Mtu asiyebisha hupendwa na kila mtu, isipokuwa na wale wanaomngoja nyumbani.

Nyumbani alingojwa na mke wake. Watoto wao walishakuwa watu wazima, kila mmoja na maisha yake huko mbali. Wawili hawa walibaki na chumba cha kulala, jiko, na sebule ndogo iliyojaa makopo ya rangi. Kila asubuhi mke aliketi kwenye kiti, akainua uso, na mume akamtia dawa ya matone machoni.

Mke aliugua presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi hauumi, ndiyo maana ni hatari. Unaanza kula pembeni mwa kuona kwa mtu, polepole, na mwenyewe hana habari. Daktari wa kliniki aliwaeleza wazi.

"Matone peke yake hayatoshi tena. Nendeni hospitali kubwa akafanyiwe upasuaji. Alichokwisha kupoteza hakirudi. Tunachotafuta ni kulinda kilichobaki. Msikawie."

Hospitali kubwa ilikuwa mbali. Ilibidi mtu alale huko siku kadhaa, na mgonjwa hawezi kwenda peke yake.

"Tunakwenda lini, baba watoto?" mke aliuliza asubuhi moja, matone yakimtiririka mashavuni.

"Nikimaliza nyumba ya Mwalimu."

Mke alijipangusa mashavu. Alikuwa ameambiwa hivyo mvua zilipoanza. Mvua zilikwisha, na bado aliambiwa hivyo hivyo.

Mwalimu alikuwa mstaafu. Aliishi na mke wake katika nyumba yenye sebule kubwa, na kazi yenyewe ilikuwa kupaka sebule hiyo tu. Fundi mzuri angeimaliza kwa wiki moja, na Fundi Sawa alikuwa fundi mzuri. Lakini siku ya kwanza aliwafungulia kitabu chake cha rangi, chenye rangi za kila namna, akauliza, "Mnataka rangi gani?" Hapo ndipo alipojichimbia shimo.

Walichagua rangi ya maziwa, akaipaka. Kesho yake asubuhi mke wa Mwalimu alimpokea mlangoni.

"Fundi, usiku nimewaza sana. Hii rangi ya maziwa inanitia huzuni. Tuweke samawati."

"Sawa, mama."

Akapaka samawati. Jioni Mwalimu akarudi kutoka matembezini, akasimama katikati ya sebule na fimbo yake.

"Hii ni sebule au zahanati? Nani alikwambia samawati?"

"Mama ndiye aliyesema."

"Mwambie mimi nilisema kijani."

"Sawa, Mwalimu."

Mwambie! Na mama mwenyewe yuko jikoni, anasikia kila neno. Fundi akapeleka ujumbe jikoni, akarudishiwa jibu, akalipeleka sebuleni. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma yenyewe ilikuwa mgongo wa fundi. Kesho yake akapaka kijani. Keshokutwa akaja dada wa mke wa Mwalimu kunywa chai, akatazama ukuta na kusema kwamba kijani kinawafanya watu waonekane wagonjwa. Msasa ukatolewa tena.

Fundi hakulalamika hata siku moja. Alitabasamu, akameza mate, akapanda ngazi. Lakini hasira iliyomezwa haipotei. Aliibeba jioni pamoja na brashi zake mpaka nyumbani, na huko ikatoka. Chumvi ilikuwa kidogo. Taulo liliwekwa pasipo mahali pake. Mke alijifunza kusikiliza jinsi ngazi inavyoegemezwa ukutani nje. Ikiegemezwa taratibu, aliweza kuzungumza. Ikibamizwa, alipakua chakula na kwenda kukaa chumbani.

Jioni moja ilibamizwa kwa nguvu. Fundi aliingia na kopo la samawati, kwa maana mke wa Mwalimu alikuwa amerudi kulekule kwenye samawati. Akaliweka karibu na mlango wa jikoni, kifuniko hakijakazwa. Mke akatoka jikoni na kikombe cha chai mkononi. Mguu wake wa kushoto ukalipiga kopo. Likapinduka, na rangi ikatambaa sakafuni mpaka chini ya viti.

"Wewe!" fundi alifoka. "Kwani huna macho?"

 Fundi mwenyewe alisikia alichosema. Alitamani kulirudisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mke aliweka kikombe mezani. Alilia bila sauti.

"Sikuliona," alisema. "Lilikuwa kushoto. Kushoto kwangu sioni kitu, siku nyingi sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Unaingia umenuna. Nikikuuliza habari ya hospitali, nyumba ya Mwalimu. Nikinyamaza, nyumba ya Mwalimu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mume wangu. Mimi imeniumiza macho."

 Hata ile sawa ya fundi haikutoka.

Kelele zilikuwa zimefika kwa jirani. Huyu alikuwa mwanamke aliyetengeneza fremu za picha katika duka lililopakana na nyumba yao, na wote walimwita Mama Fremu. Alikuja na ndoo ya unga wa mbao, akaumwaga juu ya rangi ili uinyonye, bila kuuliza lolote. Wote watatu wakapiga magoti wakafuta. Walipomaliza, sakafu ilibaki na doa kubwa la samawati.

"Ni wateja," fundi alianza kujitetea. "Nimepata wagumu, shemeji. Hawajui wanachotaka."

"Hebu njoo dukani kwangu," Mama Fremu alisema. "Na mwenzio aje."

Dukani, ukuta mmoja ulikuwa umefunikwa shuka kuanzia juu mpaka chini. Mbele yake palikuwa na meza tupu.

"Nyuma ya shuka kuna fremu za kila aina," Mama Fremu alieleza. "Zamani niliziacha wazi. Mteja anasimama anazitazama mpaka kichwa kinamuuma, kisha anasema atarudi. Harudi. Sasa nimezifunika. Mtu akiingia simwulizi anataka fremu gani. Namwuliza picha itakaa chumba gani, na nani ataitazama zaidi. Akinijibu, naleta mezani fremu mbili."

"Mbili tu?"

"Mbili tu. Akiikataa moja, naitoa naleta nyingine. Hazizidi mbili mezani. Mtu akiona vingi anaogopa kukosea. Wewe kila siku nakuona na kile kitabu chako cha rangi. Unawapa kizima, halafu unawalaumu wakipotea humo."

"Na akibadili mawazo baadaye?"

"Kabla sijakata mbao, narudia alichosema. Picha ya bibi, fremu nyeusi, kioo kisichong'aa. Umeridhika? Nangoja aseme kwa mdomo wake. Kisha namwambia, nikishakata, mabadiliko ni kazi mpya, na kazi mpya inangoja zamu yake. Nasema mapema, kwa upole. Ukisema mapema ni mapatano. Ukisema baadaye ni ugomvi."

Fundi alikuna kichwa. "Wangu ni wawili, shemeji. Kila mmoja na lake."

"Basi usipokee agizo la mmoja. Wakalishe pamoja. Wewe ni fundi rangi au mshenga?"

Mke wa fundi alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya siku nyingi, na fundi alikisikia kikimchoma.

"Lakini mteja ni mfalme," alisema.

"Hata mfalme huambiwa kwamba daraja limebomoka. Asipoambiwa atatumbukia, na atakulaumu wewe." Mama Fremu akamtazama. "Na hao wanajua kama mkeo anaumwa?"

"Hapana. Ya nyumbani siyapeleki kazini."

"Ila ya kazini unayaleta nyumbani."

Usiku huo fundi hakupata usingizi mzuri. Asubuhi alimtia mkewe matone. Kisha akakiacha kitabu cha rangi nyumbani, akaenda.

Hakuanza na ngazi. Alipaka viraka viwili vikubwa ukutani, kimoja samawati, kimoja kijani hafifu. Akamwomba Mwalimu na mke wake wakae pamoja sebuleni. Walikaa, mmoja mwisho huu wa kochi, mwingine mwisho ule.

"Nimefanya kosa," fundi alisema. "Nimewasikiliza mmoja mmoja, na nimewachosha. Leo naomba mnisikie pamoja. Rangi ni hizi mbili. Tutazitazama mchana huu kwa mwanga wa dirisha, na jioni kwa taa. Mkishakubaliana nyote, napaka. Nikishaanza, mabadiliko yatakuwa kazi nyingine, na itangoja."

Uso wa Mwalimu ulibadilika. "Unatupa masharti, fundi? Ndani ya nyumba yangu?"

Sawa ilimfika fundi kwenye ncha ya ulimi.  Alikumbuka kopo likipinduka, akapiga moyo konde.

"Si masharti, Mwalimu. Mke wangu anapoteza macho. Jumatatu nampeleka hospitali. Nimechelewa mno, na kosa ni langu, si lenu. Nataka niwamalizie kazi vizuri kabla ya hapo. Ikishindikana, itabidi mningoje nirudi."

 Mke wa Mwalimu ndiye aliyejibu, "Muda wote huu umekuwa ukipaka na kukwangua kwa ajili yetu, na mwenzio anaumwa? Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Fundi aliinamisha kichwa. Halafu akauliza lile swali la Mama Fremu. Nani hukaa zaidi katika chumba hiki, na saa ngapi?

"Mimi husoma hapa mchana," alisema Mwalimu.

"Mimi hukaa jioni mpaka usiku," alisema mkewe. "Kijani usiku kinakuwa cheusi. Chumba kinanibana."

"Usiku mimi sikai hapa, sijui."

"Najua hukai. Nakaa peke yangu."

Aliyasema taratibu, bila kumlaumu. Mwalimu alikitazama kile kiraka cha kijani kwa muda mrefu. Pengine walikuwa hawajakaa kwenye kochi lile pamoja tangu alipostaafu. Jioni walikaa tena, taa ikawashwa, na ni Mwalimu mwenyewe aliyesema, "Iwe samawati."

"Nimesikia samawati kuta zote, dari ibaki nyeupe," fundi alirudia. "Mwalimu, umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Na wewe, mama?"

"Nimeridhika."

Fundi alianza kesho yake alfajiri. Kazi ilipokuwa inakaribia mwisho, yule dada alikuja tena kunywa chai. Akakunja uso, akasema samawati ni rangi ya baridi. Fundi alishikilia brashi yake hewani. Mke wa Mwalimu akamwekea mgeni sukari.

"Dada, limeshaamuliwa," alisema. "Kunywa chai."

Jumatatu fundi na mkewe walisafiri. Daktari wa hospitali kubwa alimpima mke kwa muda mrefu, kisha akamwita mume pembeni. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia wangelifanyia upasuaji, na alitumaini kuokoa sehemu iliyobaki.

"Mngekuja mapema," alisema, "huenda tungeliokoa na hilo la kushoto."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka. Fundi alitoka kwenye ukumbi wa hospitali, akaegemea ukuta uliokuwa umebambuka rangi, akalia kama mtoto. Alijua wiki zile zilikwenda wapi. Zilikuwa kwenye ukuta wa Mwalimu, tabaka juu ya tabaka, maziwa na samawati na kijani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, mke alimtafuta mumewe kwa jicho moja mpaka akampata.

"Nakuona," alisema. "Umekonda. Usilie. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Waliporudi nyumbani, kazi ilibadilika. Siku hizi mteja akimwita, fundi huuliza kwanza ni nani wanaokaa humo ndani, na huwaomba waje wote. Hupaka viraka viwili. Hurudia alichosikia. Husema siku atakayoanza na siku ambayo hatakuwepo. Wateja wachache walikasirika wakaenda kwa mafundi wengine. Wengi walibaki, na kazi huisha. Ngazi huegemezwa ukutani taratibu. Jina la Fundi Sawa bado analo, maana mtaa haukubali kunyang'anywa jina uliloliweka.

Matone hutiwa kila asubuhi kama zamani, katika jicho moja. Doa la samawati bado lipo sakafuni. Mke huligusa kwa mguu akipita, ili ajue amefika mlango wa jikoni.

Nje kuna kijingazi cha saruji. Juzi alikikosa, akaanguka na kuchubuka goti. Fundi alimfunga goti, akaenda kuchukua brashi ndogo, akapaka viraka viwili kwenye ukingo wa kile kijingazi. Akamwita.

"Mama watoto, hii nyeupe, hii manjano. Ipi unaiona vizuri zaidi?"

Mke aligeuza kichwa upande, mpaka jicho lake zima likaelekea chini. Alitazama kwa muda. Fundi alingoja bila kumharakisha.

"Manjano," alisema.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuuliza, "Utapaka lini?"

 Fundi alichukua bisibisi, akafungua kopo la manjano, akapiga magoti.