Mikono Miwili na Homa ya Kifungo

Kibarazani kwa Pasi, moshi huamka kabla ya chai. Pasi ndilo jina la kazi. Hata mama yake mzazi amelizoea. Kila asubuhi anawasha mkaa, anaujaza kwenye pasi, anapepea mpaka cheche ziruke. Kisha analamba kidole na kugusa chuma.

Tss!

"Bado," anasema. Anangoja kidogo, anagusa tena. Tss! "Haya, sasa."

Mkewe yuko uani. Mikono yake imo ndani ya maji baridi tangu jua halijatoka. Anafua mashuka ya nyumba ya wageni na nguo za majirani. Akiitoa mikono majini, vidole vimekunjamana utadhani ni vya bibi kizee.

Katikati yao anazunguka binti yao wa miaka minne. Wanamwita Kifungo, kwa sababu vifungo ndiyo maisha yake. Kifungo cha mteja kikidondoka tu, keshakiwahi. Anakitia kwenye kopo lake la bati. Kukirudisha sasa, hiyo ni kesi.

"Nipe mwanangu, ni cha yule mjomba," baba yake atabembeleza.

"Nimekiokota mimi. Ni changu."

"Atatembea kifua wazi!"

"Avae sweta."

Huyo ndiye Kifungo. Ndiyo maana asubuhi ile kopo lilipokaa kimya, mama yake aliacha kufua. Akaingia ndani. Mtoto amejikunja kitandani. Mama akamgusa paji la uso, akaruka.

"Baba Kifungo! Njoo! Mtoto anaungua!"

Pasi akaja mbio. Akaweka kiganja pale pale.

"Anaungua wapi? Mbona wa kawaida?"

"Weka mkono vizuri."

"Nimeuweka. Mke wangu, mkono huu unaujua moto kuliko zimamoto. Haujawahi kuunguza hata kola."

"Mwanangu si kola!"

Mama wa Pasi, yaani bibi wa mtoto, akaingia na blanketi zito. "Acheni kugombana. Mfunikeni. Jasho likitoka, homa inatoka nalo. Njoo nikufunike, mke mwenzangu."

Bibi na mjukuu wana utani wao wa kugombania mume. Siku nyingine Kifungo angejibu mapigo. Leo alilia tu na kulipiga teke blanketi.

Mama alikuwa na chupa ya dawa ya maji ya kushusha homa. Akasoma maelezo, akapima kipimo cha umri wa mtoto, akampa. Baada ya muda Kifungo akakaa, akanywa uji kidogo.

"Si nilisema?" Pasi akarudi kwenye pasi yake akipiga mluzi.

Jioni mluzi ukakatika. Joto limerudi. Wakampa dawa, likashuka. Kesho yake likarudi tena. Homa ikawa kama mgeni asiye na aibu: ukimtoa mlangoni, anaingilia dirishani. Na kila ikirudi, ugomvi ni ule ule. Mama anasema moto. Baba anasema kawaida. Bibi anasema blanketi.

Kitu kingine kikatokea, ila hakuna aliyekitilia maanani. Kifungo alikojoa kitandani. Alikuwa ameacha zamani mchezo huo.

Bibi akacheka. "Eh, mke mwenzangu! Umerudi utotoni? Basi mume nimempata peke yangu."

Mama akavuta shuka na kulitumbukiza kwenye beseni pamoja na mashuka ya wageni. Akafikicha, akakamua, akaanika. Huyu mama ana sifa zake. Akilitazama shuka la mteja, anakwambia nani alikula karanga kitandani na nani alilala na viatu. Lakini shuka la mwanawe lilipita mikononi mwake kama mengine yote. Akasahau.

Siku ya tatu Pasi hakutulia. Mashuka ya nyumba ya wageni yalitakiwa kabla ya mchana. Ananyoosha, anaacha, anaingia ndani, anatoka. Foronya moja aliipiga pasi mara tatu. Ya nne aliikosa tu kwa sababu mkewe aliinyakua.

"Hiyo imeshalala, baba. Iache ipumzike."

Akatafuta hila. Kulikuwa na koti la mteja lenye vifungo vikubwa vya shaba. Pasi akachungulia huku, akachungulia kule, akachukua mkasi na kukata kimoja. Akaingia nacho ndani amekificha mgongoni.

"Kifungo! Kuna kitu kimedondoka hapa. Sijui cha nani..."

Akakionyesha. Kinang'aa kama jua dogo. Mtoto akafumbua macho, akakitazama, akayafumba tena.

Pasi akabaki amesimama na kifungo kiganjani. Kwa mara ya kwanza aliogopa.

"Hodi! Sare yangu tayari?"

Alikuwa Sista, jirani yao, muuguzi wa zahanati. Alipita kuchukua sare yake aende kazini.

"Sista, ingia," mama alimvuta mkono. "Uje utuamulie. Mimi nasema mtoto anaungua. Shemeji yako anasema hana kitu."

"Hebu nishikeni mimi kwanza," Sista akanyoosha mikono yote miwili. Mama akashika mmoja. Pasi akatia kifungo mfukoni, akashika mwingine.

"Una joto, dada," mama akasema.

"Joto? Mbona wa baridi?" Pasi akashangaa.

Sista akaangua kicheko. "Kwa hiyo mimi mgonjwa upande mmoja, mzima upande mwingine! Tuite fundi anikate katikati?"

Hata bibi alicheka.

"Dada, mikono yako imetoka kwenye maji baridi. Kila utakachogusa utakiona cha moto. Shemeji, wako umetoka kwenye mkaa. Hata chungu kikitokota utakiona cha wastani. Mkono unaweza kukushtua. Kupima hauwezi."

Akatoa kipimajoto kwenye mkoba. Akakiweka kwapani kwa mtoto, akaubana mkono wake taratibu. Kikalia pii. Sista akasoma. Kicheko kikaisha.

"Thelathini na tisa na zaidi. Hii ni homa, na ni kali. Ilianza lini?"

"Juzi," mama akajibu. "Dawa inaishusha, halafu inarudi."

"Dawa ile inashusha joto. Ugonjwa haiutibu. Ni kama kumziba mdomo mtu anayepiga kelele za mwizi. Kelele zinaisha, mwizi bado yumo ndani. Anakunywa maji?"

"Kidogo kidogo."

"Anatapika? Amepata degedege? Anapumua kwa shida?"

"Hapana."

Sista alifunua blauzi ya mtoto, akatazama kifua kinavyopanda na kushuka. Akamwomba ainamishe kidevu mpaka kifuani. Kifungo akainamisha bila shida. Kisha Sista akaliona blanketi.

"Hili nani kaleta?"

Bibi akatazama dari.

"Mama, mwenye homa mvalishe nguo nyepesi. Blanketi linalifungia joto ndani. Mpe maji, uji, kidogo kidogo, mara kwa mara. Sasa twendeni zahanati, tuongozane."

Pasi akatazama lundo la mashuka. "Sista, nikimaliza haya tu, tunakuja. Mwenyewe atakuja kuyafuata..."

"Mashuka yana homa?"

"Hapana, lakini..."

"Shemeji, nisikilize. Ilitakiwa mje siku ile ile ya kwanza, apimwe malaria. Kuna watoto wa kukimbizwa papo hapo, hata kama homa imeanza sasa hivi. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya. Anayetapika kila kitu. Anayepata degedege. Aliyelegea, ukimwamsha haamki vizuri. Anayepumua mbio, mbavu zinaingia ndani. Mwenye shingo ngumu. Na mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi mitatu, kwake homa yoyote ni ya hospitali. Wako hajafika huko. Unataka kusubiri afike?"

Pasi akamwaga maji kwenye mkaa. Shhh! Mashuka yakabaki pale pale, mengine mabichi. Akambeba mtoto begani, wakatoka.

Zahanati walimtoboa Kifungo kidole, wakapima malaria. Wakakaa kwenye benchi. Pasi anakaa, anasimama. Anakwenda mpaka mlangoni, anarudi. Anaipapasa mikunjo ya pazia la watu kama anataka kuinyoosha.

Jibu likatoka: hana malaria.

"Ah, afadhali!" Pasi akamnyakua mtoto. "Hana kitu. Twendeni nyumbani."

"Kaa chini, shemeji," Sista akamzuia. "Tumejua kwamba si malaria. Homa bado ipo, kwa hiyo kuna kitu kinaileta. Hatujakijua tu."

Daktari akampima masikio, koo na kifua. Vyote salama. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Mkojo je? Anakojoaje?"

Mama akafungua mdomo ajibu, "Kawaida." Neno likagoma kutoka. Akayaona mashuka akilini. Beseni zima la mashuka, na moja dogo katikati.

"Alikojoa kitandani," akasema polepole. "Alikuwa ameshaacha. Na lile shuka... lilikuwa na harufu kali. Mimi nikalifua tu."

"Akienda chooni analia?"

"Mwanangu, ukikojoa unasikia nini?" mama akamuuliza.

Kifungo akajificha kwenye bega la baba yake. "Panauma. Bibi atanicheka."

Wakampa kikopo, mkojo ukapimwa. Ndiko homa ilikojificha: maambukizi katika njia ya mkojo.

"Yanatibika," daktari akasema, akaandika dawa ya kuua vijidudu. "Yakiachwa yanaweza kupanda mpaka kwenye figo. Mmefanya vizuri kuja. Baada ya siku mbili nimwone tena. Akizidiwa kabla ya hapo, mlete mara moja."

"Na dawa muimalize yote," Sista akaongeza, akimkazia macho Pasi. "Hata akianza kurukaruka. Mnywesheni maji mengi, asibane mkojo. Akitoka chooni mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma, uchafu usije mbele."

Walipofika nyumbani, mwenye nyumba ya wageni alikuwa amesimama kibarazani, mikono kiunoni.

"Fundi! Mashuka yangu?"

"Mabichi," Pasi akajibu. "Mwanangu alikuwa mgonjwa."

Yule bwana akamtazama mtoto begani, mikono ikashuka. "Basi wageni watalala kwenye mashuka ya rangi rangi leo. Ugua pole, mwanangu."

Bibi alielezwa yote. Kisha akamwita mjukuu wake. "Mke mwenzangu, nisamehe. Panapouma niambie. Sicheki tena."

Walipomrudisha zahanati siku mbili baadaye, joto lilikuwa limeshuka na daktari aliridhika. Asubuhi iliyofuata Pasi alisimama kibarazani, chupa ya dawa mkononi, akiitikisa.

"Mtoto wa baridi kabisa leo. Hii iliyobaki si tumwekee akiba?"

Mama akatoa mikono kwenye beseni, akaichukua chupa. "Atamaliza. Akiba weka mkaa."

Wakati huo mwenye koti alikuwa anapiga kelele mlangoni. Amelitazama koti mbele, amelitazama nyuma.

"Fundi, hapa palikuwa na kifungo cha shaba! Nilikuletea koti zima!"

Pasi akakohoa. Akajipapasa mifuko. Akainama chini ya meza. Hakipo. Akageuka polepole, akamtazama binti yake aliyekaa sakafuni, amelikumbatia kopo la bati kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mpe mjomba kifungo chake."

"Nimekiokota mimi," Kifungo akasema. "Ni changu."

"Atapigwa na baridi!"

"Avae sweta."

Pasi akageuka kuelekea uani, uso wote meno. "Mama Kifungo! Mtoto amepona!"

"Umempima kwa mkono upi?" mkewe akauliza.

"Sijamgusa. Nimemsikia."