Nauli ya Mama

Kila asubuhi Paulina alianza na mbuzi. Aliwamwagia pumba kwenye karai la zamani, akawatazama wakila, kisha akachukua jembe lake kwenda shambani. Mbuzi walikuwa watatu. Mmoja, jike mwekundu, alikuwa na mimba.

Asubuhi moja, kabla mbuzi hawajamaliza pumba, mtu aliingia uani na kamba mkononi. Alikuwa Kasiani, mnunuzi wa mifugo pale Mikumi.

"Hodi, mama. Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Hiyo kamba ya nini?"

"Nimekuja kumwangalia mbuzi wangu. Huyu mwekundu."

Paulina akasimama mbele ya mbuzi. "Mbuzi wako? Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Kumbe mumeo hajakwambia?" Kasiani alirudi nyuma hatua moja, akacheka. "Basi mimi sijasema kitu. Nitakuja Jumamosi na hela, nimchukue."

Yeremia, mume wake, alikuwa nyuma ya nyumba akiziba pancha ya baiskeli. Watoto wao wawili, Timotheo na Ida, walikuwa wakimshikia gurudumu.

"Baba Timo, unauza mbuzi mwenye mimba?"

Yeremia aliinua macho. "Nilitaka nikwambie leo. Tena ni habari njema."

Akaeleza. Dada yake Agnesi aliolewa na mtu wa reli. Mume huyo alihamishiwa Mombasa, nchini Kenya, wakahamia huko. Sasa Agnesi amewaalika. Mwezi wa nane kuna maonyesho makubwa ya kilimo, na pembeni yake kuna uwanja wa bembea.

"Siyo bembea za kamba," Yeremia aliwaambia watoto. "Za mashine! Moja inazunguka kama gurudumu hili, lakini ni ndefu kupita paa la stesheni. Unakaa kwenye kiti, inakupandisha juu mpaka unaiona bahari."

Timotheo aliachia gurudumu, likaanguka. Ida alirukaruka.

"Na mama atapanda?" Ida akauliza.

Yeremia alikuna kichwa. "Mama yenu, hapana. Nauli haitoshi. Na nyumba atabaki nayo nani?"

"Nitabaki mimi," Paulina alisema upesi. "Safari siyo mambo yangu."

Moyoni haikuwa hivyo. Paulina hakuwahi kupanda treni kupita Kilosa. Siku ile nzima, akiwa shambani, aliiona bembea ikizunguka mbele ya macho yake. Alitaka kwenda. Alitaka kukaa kwenye kile kiti. Lakini aliona haya kusema. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, alilie bembea? Akaendelea kulima.

Jumatano alikuja Marselina. Huyu alikuwa Bibi Maendeleo wa pale, mama wa makamo, na alizunguka nyumba kwa nyumba akifundisha mambo ya afya na matumizi ya nyumbani. Yeremia alimwahi mlangoni.

"Ndugu Marselina, mwezi wa nane hutukuti. Tunakwenda nje ya nchi!"

"Ehe, wakubwa! Mmeshapanga?"

"Tumepanga. Gunia la mchele kwa dada. Majogoo matatu kwa shemeji. Nguo mpya kwa watoto, na mimi suruali. Tunakaa wiki mbili."

"Ndugu yangu, nimekuuliza safari, wewe unanitajia mizigo."

Paulina alicheka, akaziba mdomo.

"Mama Timo, niletee bakuli la maharage," Marselina alisema. "Na mkeka."

Wakakaa wote uani. Marselina aliweka bakuli mbele ya Yeremia.

"Tuseme haya maharage ndiyo hela zenu zote. Za pamba mliyouza, na za huyo mbuzi. Kila kitu cha safari kitengee fungu lake hapa mkekani. Kitu kikubwa, fungu kubwa."

Yeremia alianza na mchele wa kununua. Akaweka fungu kubwa. Akaweka la majogoo, kisha la nguo. Baadaye akaweka nauli yake, na nauli ya watoto, ambao hulipa nusu. Akatenga chakula cha njiani. Alipofika kwenye kiingilio cha maonyesho na tiketi za bembea, vidole vyake vilikwangua bakuli.

"Tayari," alisema.

"Na nauli ya kurudi?"

Yeremia alichungulia bakuli tupu.

"Mtoto akiugua njiani, mtatoa wapi? Na mbegu za msimu ujao? Na fungu la Mama Timo liko wapi?"

"Maharage yameisha, ndugu yangu."

"Hayajaisha. Yako hapa." Marselina aligusa lile fungu la kwanza. "Huu mchele umekula nauli ya mama."

Yeremia alikunja uso. "Sasa unataka niende kwa shemeji yangu mikono mitupu? Watasema watu wa kwetu hatuna adabu. Mgeni hufika na mzigo. Ndivyo tulivyolelewa."

"Hakuna aliyekukataza zawadi. Je, umemuuliza Agnesi anahitaji nini?"

"Mgeni anauliza zawadi? Aibu hiyo!"

"Dada yako wa tumbo moja? Muulize. Na jambo jingine, ndugu yangu. Nafaka haivuki mpaka bila kibali. Huna kibali, gunia linabaki palepale. Umelinunua, umelisafirisha, na Agnesi halioni."

Hilo Yeremia hakulijua. Alitazama fungu la mchele. Kisha akayarudisha maharage yote kwenye bakuli.

"Haya. Nifundishe wewe."

"Anza na vitu vya nyumbani. Mbegu na chakula cha kuwakuta mkirudi. Hivyo havitoki hapa." Marselina alitenga fungu na kulisukuma mbali na mkeka. "Sasa nauli. Weka ya kwenda na ya kurudi pamoja, tena ya watu wote wanne. Halafu weka ya dharura. Hii ikae peke yake, asiiguse mtu mpaka liwepo jambo."

"Na chakula?" Paulina aliuliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Pikeni hapahapa. Viazi vya kuchemsha, karanga, maji ya kuchemsha kwenye chupa. Chakula cha stesheni kinamaliza hela. Kisha kaeni siku chache. Agnesi ana nyumba ya reli, vyumba viwili tu. Mkikaa wiki mbili mtamchosha, na kila siku ina gharama yake. Uwanjani nendeni siku moja. Kila mtu achague bembea zake kabla ya kufika, msije mkatamani kila kitu mkiwa palepale."

Akawaambia pia wapite ofisi ya wilaya, Kilosa, mapema, waulize hati zinazotakiwa. Na hela za Kenya wazibadilishe benki, wasizibadilishe na watu wa njiani.

Yeremia alitenga mafungu kama alivyoelekezwa. Suruali akaiacha. Nguo za watoto akaziacha pia. Mwisho bakuli lilibaki na maharage kidogo.

"Haya yaliyobaki ndiyo zawadi," Marselina alisema. "Sasa toa humo kiasi cha hela za mbuzi, tuone."

Wakakitoa. Zawadi ilibaki ndogo, lakini mafungu mengine yote yalisimama.

"Kumbe mbuzi hatakiwi!" Timotheo alipiga kelele.

Yeremia alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo. "Mama Timo, basi utakwenda."

"Kama mmeona inafaa, sawa," Paulina alijibu. Aliokota maharage yaliyodondoka chini, akainamisha uso wasimwone anavyotabasamu.

Jumamosi Kasiani alikuja na kamba yake, akarudi na kamba yake. Yeremia alimwandikia Agnesi kumuuliza anahitaji nini, na baada ya wiki mbili jibu likaja. Timotheo aliisoma kwa sauti: "Kaka, mchele huku upo dukani. Mimi nataka mlenda mkavu wa nyumbani. Tangu tuhame sijauonja. Tena uje na wifi yangu. Ukimwacha, sikupikii."

Nyumba waliiachia jirani yao, Costancia.

"Mbuzi nitawaangalia," Costancia alisema. "Lakini wakizaliwa mapacha, mmoja wangu."

"Mate yakutoke tu," Paulina alimjibu, na wote wakacheka.

Mwezi wa nane walipanda treni Mikumi hadi Kilosa, kisha wakaunganisha kwenda kaskazini. Njiani Ida aliumwa tumbo. Wakashuka kumtafutia dawa, na treni ikawaacha. Zamani Yeremia angeshika kichwa. Safari hii alifungua kitambaa chenye hela za dharura, akalipia dawa na kitanda cha usiku mmoja. Kesho yake Ida alikuwa anadai viazi.

Mpakani ofisa alichungulia kikapu chao.

"Hii nini?"

"Mlenda mkavu, bwana. Kidogo tu, wa dada yangu."

Ofisa alinusa, akatabasamu. "Piteni." Pembeni mwao abiria mmoja alikuwa akibishana juu ya gunia la mahindi lililoshushwa. Yeremia alimtazama mkewe. Kisha akajifuta jasho usoni.

Mombasa, Agnesi aliwapokea mlangoni. Alichukua mlenda, akauweka puani, akafumba macho. Kisha akamkumbatia Paulina.

"Wifi! Umekuja kweli!"

Siku ya tatu walikwenda uwanjani, na Agnesi pamoja nao. Bembea kubwa ilikuwa kweli ndefu, na watu waliokuwa juu walipiga vigelegele. Timotheo na Ida walivua sweta zao, wakampa mama yao. Yeremia akampa koti. Agnesi alikuwa amesimama kando ananunua karanga. Paulina alijikuta ana kikapu, sweta mbili, koti na chupa ya maji, na miguu yake ilikuwa imeshatoka kwenye foleni.

"Nendeni," alisema, kama alivyozoea. "Nitawashikia vitu."

Yeremia alifika dirishani. "Watu watatu," alimwambia mkata tiketi.

Paulina aliitazama bembea. Kiti kimoja kilishuka polepole, kikasimama mbele yake, kitupu. Akageuka, akamwekea Agnesi vitu vyote mikononi, akarudi mpaka dirishani. Alisema kwa sauti, wote wakamsikia.

"Wanne, Baba Timo. Mimi pia nataka kupanda. Siyo kwa ajili ya watoto. Nataka mwenyewe. Tangu siku ya kwanza uliyoitaja nilitaka, nikaona haya kusema."