Nyumba Iliyonunuliwa Kutoka Getini

Kwa wiki ya tatu sasa, Chiriku aliamka alfajiri, akakunja godoro lake na kulisukuma nyuma ya kochi la shangazi. Halafu akapanga foleni ya bafu nyuma ya binamu zake wanne. Kila siku alichelewa shuleni, na kila siku mwalimu wa zamu alimwuliza sababu. Yeye, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliomba radhi tu na kuingia darasani. Angeanzia wapi?

Nyumba walikuwa nayo. Baba yake, fundi cherehani, aliinunua kwenye mnada. Mwenye nyumba wa kwanza alishindwa kulipa mkopo, benki ikaichukua na kuiuza kwa bei ya chini. Siku ile baba alirudi akitembea kama bwana harusi.

"Umeingia ndani ukaiona?" mama aliuliza.

"Niliiona nikiwa getini. Kuingia hawaruhusu. Ukizubaa, wenzako wanaibeba."

Siku ya kuhama walifika na vyombo vyote juu ya gari la mizigo. Kabla baba hajatia ufunguo, mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akawatazama.

"Mnamtafuta nani?"

"Hii nyumba ni yangu," baba alisema.

"Mimi ni mpangaji, kaka. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka, na kodi yote nimeshalipa."

Baba akatoa karatasi zake, mwanamke akaleta zake. Zote zilikuwa na mihuri.

"Basi nang'oa huu mlango," baba alifoka.

"Hung'oi kitu," mama alimjibu taratibu. "Mwenzio ana mtoto mgongoni."

Gari likageuzwa kwenda kwa shangazi, dereva akinung'unika njia nzima. Chiriku alijaa hasira, asijue amkasirikie nani.

Kesho yake walikwenda kwa wakili. Alisoma nyaraka za baba, akavua miwani. "Umeinunua pamoja na mpangaji wake. Imeandikwa hapa chini: nyumba inauzwa kama ilivyo. Hukusoma?"

"Maandishi yenyewe madogo mno."

"Hayo ndiyo ya kusoma kwanza."

Baba alitaka kufungua kesi. Wiki zikapita katika kwenda na kurudi, mpaka Chiriku akashindwa kujizuia. "Baba, yule mama hatukumsikiliza hata kidogo. Kwa nini tusiongee naye?"

Walipokwenda, mwanamke naye alikuwa amechoka. Paa lilivuja juu ya kitanda cha mtoto, na mwenye nyumba wa zamani aling'oa mabomba ya jikoni benki ilipoichukua nyumba. Hapakuwa na wa kumlalamikia. Baada ya mazungumzo marefu walikubaliana: baba atengeneze paa na mabomba, na familia yake ihamie vyumba viwili vya nyuma hadi mkataba uishe. Wakili akayaandika makubaliano hayo, wote wakatia sahihi.

Jumamosi iliyofuata baba alishuka kutoka juu ya paa, mikono imechubuka, akaketi kando ya Chiriku.

"Mwanangu, kitambaa cha shati moja nakikagua mbele na nyuma kabla sijatia mkasi. Nyumba nzima nikaitazama kutoka getini. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe kwa pupa, mkateseka nyinyi na akateseka yule mama. Kitu cha bei rahisi kiulizie mara mbili, na karatasi isome mpaka mwisho. Wakikukataza kuingia ndani, geuza urudi nyumbani."