Saini ya Elkanah

Geti la stesheni ya Silver Spring lilimtemea Jaël tiketi yake mara ya tatu, na foleni nyuma yake ikaanza kunguruma. Ilikuwa Februari ya mwaka tisini na nane, saa ya watu kutoka kazini, kila mmoja na haraka zake.

"Mama yangu weee!" Jaël alililalamikia lile dude la chuma.

"Dada, hata ukilibembeleza halifunguki. Tiketi imeisha nguvu. Ukaiongeze pesa kwa mashine ile pale."

Akageuka. Kijana mrefu, koti la ngozi ya kahawia, chini yake suruali ya bluu ya wahudumu wa wagonjwa, na mwanya wa kutosha kupitisha filimbi. Jaël naye alivaa koti jekundu lililomzidi mabega, sketi ya kitenge ikichungulia chini yake, maana mtoto wa Uvira, Kongo, theluji haimvui kitenge.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini umeziba geti, na mimi nikikuacha hapa roho itanisuta mpaka Jumatatu."

Akacheka bila kutaka. Alipomaliza kuongeza tiketi, kijana alishapanda ngazi za umeme, hata jina hakuacha.

Huyu Jaël alikuwa na miaka ishirini. Vita vilikula shule yake na vyeti vyake vyote; Amerika ikamrudisha darasani, kwenye shule ya waliochelewa. Ilibaki krediti moja tu, alama ya mwisho ya kupata cheti, nayo haipatikani kwa kukaa kwenye dawati: saa mia na ishirini za kujifunza kazini, kila siku isainiwe na msimamizi, kisha utafiti wa kusoma mbele za watu. Akiipata Juni, nafasi ya uuguzi inamngoja Septemba. Akiikosa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumatatu akaripoti kwenye nyumba ya wazee. Meneja akamkabidhi kwa msimamizi wake. Mwanya ule ule!

"Kumbe ni wewe wa geti," alisema kijana. Beji kifuani: Elkanah Odera.

"Elkanah," Jaël alisoma.

"Hapa wananiita hivyo," alijibu, akainamisha macho. Jaël akadhani ni aibu ya mapenzi. Msichana akishapenda, hata kikohozi anakisikia kama wimbo.

Akamfundisha kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, kutandika kitanda chenye mtu ndani, na kumlisha Bi Whitlow, bibi wa miaka tisini ambaye macho yalishamtoka nuru na hakukubali kijiko cha mtu asiyemjua. "Mpe mkono kwanza. Mwambie jina lako. Kila siku, kama ndiyo mara ya kwanza." Jaël akapata kichwa cha utafiti wake: Mzee anamwaminije anayemhudumia?

Jioni simu ilikuwa haipoi kwenye nyumba ya shangazi yake Euphrasia, College Park, nyumba isiyopungua watu tisa na masufuria matatu motoni.

"Alo? Ni nani? Elkanah, tena? Weye hauna kazi?" shangazi aliuliza.

"Ninayo, mama. Kazi yenyewe ndiyo hii."

Jaël alikuwa anaivuta simu mpaka chini ya meza.

"Umenikumbuka, mpenzi?" kijana aliuliza.

"Nikukumbuke nini, cheri? Tumeachana saa mbili zilizopita."

"Saa mbili! Na hata barua hukuniandikia?"

"Nyamaza. Watu wa hapa wananisikiliza."

"Sikiza basi wewe. Siku ya kumaliza shule nina neno la kukuambia."

"Sema sasa."

"Sasa hapana. Cheti kwanza."

Neno! Jaël alijua ni neno gani. Nyumba nzima ilijua. Euphrasia alishachagua kitambaa cha harusi.

Mei ikaingia. Saa mia na ishirini zikatimia, karatasi ikajaa saini. Jumamosi moja sebule ilikuwa imefurika wanawake wa kusukwa, na Audrey, Mkenya wa Herndon mwenye ulimi usiojua likizo, akaiona karatasi mezani.

"Elkanah Odera? Ndiye nani yako?"

"Msimamizi wake," Euphrasia alidakia, "na mkwe wangu."

"Mkwe? Wacha mchezo! Elkanah Odera ni bwana ya Aketch. Harusi yao nilipika mimi, chapati mia tatu! Wako na mapacha wa miezi minne, juzi nimewapelekea nepi."

Vichana vikasimama hewani.

"Labda ni mwingine," Jaël alisema.

"Mwingine wapi? Mjaluo, anafanya na wazee, anaitwa Elkanah Odera. Wamemwaga wangapi hapa Amerika?"

Euphrasia akafyonya. "Nilisema. Mwanaume wa kusema 'sasa hapana' iko na mtu nyumbani."

Wakacheka, mmoja baada ya mwingine, vile watu wanavyocheka msiba ukiwa wa mwenzao. Simu ililia jioni ile, ikalia Jumapili. Jaël hakuipokea. Kuuliza tu, swali moja, lingemgharimu nini? Lakini aliyechekwa sebuleni haulizi. Anatafuta sebule kubwa zaidi. Baada ya kanisa akakaa jikoni, akaongeza ukurasa kwenye utafiti wake.

Jumatano chumba cha kulia kilijaa: wazee kwenye viti vya magurudumu, wahudumu, meneja, na mwalimu wake, Bwana Dunstan. Kijana alisimama mlangoni amepiga pasi sare mpaka inakata. Jaël, gauni la njano, nywele mpya, alisoma vizuri mpaka akafika ule ukurasa.

"Aliyenifundisha uaminifu ni mwongo. Ameniita mpenzi, kumbe ana mke. Mke wake yuko Herndon, anaitwa Aketch, na wana mapacha."

"Jaël," kijana alisema polepole. "Sina mke."

"Mpigieni huyo mke, basi! Namba si iko kwenye faili yake?"

Meneja hakupenda uongo, ila alipenda kuufumania. Akaleta faili, akabonyeza namba, akaweka spika. Kitoto kililia kwa mbali, kisha sauti nzito ya mwanaume:

"Haloo. Elkanah anaongea."

Meneja akaitazama picha iliyokuwa kwenye faili, kisha uso wa mlangoni, kisha picha. Miaka miwili alipita naye kwenye korido bila kuona tofauti. Mwafrika ni Mwafrika.

"Beji," alisema.

Kijana akaivua mwenyewe, akaiweka mezani taratibu, kama anavyomlaza mzee.

Bwana Dunstan naye akaichukua karatasi ya saa, akaipitia juu hadi chini. Alikuwa mtu mwema, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Aliyesaini hizi si mfanyakazi wa hapa, binti yangu. Haziwezi kuhesabiwa. Hata moja."

Jaël alimkimbilia kwenye maegesho, viatu mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani..."

"Karo ilinishinda, makaratasi ya kuishi huku yakaisha. Elkanah tulikuwa tunakaa naye chumba kimoja huko Shaw. Akapata kazi ya teksi, akaniachia kazi yake ya hapa na jina lake. Ningekuambia mapema ungebeba siri kila siku mbele ya meneja, na kosa likijulikana wangekukata na wewe. Nikasema acha amalize."

Akatoa kikasha kidogo cha bluu mfukoni. Jaël akanyoosha mkono. Kijana akakiangalia, akakirudisha mfukoni.

"Pete hii ilikuwa ya mke wa Kuria."

"Kuria ndiye nani?"

"Ndiye mimi. Ungempenda."

Basi likaja, akapanda, akakaa upande ule mwingine, asionekane.

Kiti cha uuguzi kikaenda kwa mtu mwingine. Sebuleni kwa Euphrasia wakamcheka wiki mbili, kisha wakapata wa kumcheka mpya. Juni, wenzake walipovaa majoho, Jaël alirudi nyumba ya wazee na karatasi mpya, msimamizi mpya, saa ya kwanza.

Bi Whitlow alikuwa hajala vizuri tangu Mei. Jaël akampa mkono.

"Mimi ni Jaël."

"Namngoja Elkanah." Midomo ikafungwa.

Msimamizi alikuwa anaangalia, kalamu tayari. Uji ulipoa. Jaël akainama karibu na sikio la bibi, akaishusha sauti yake mpaka chini kabisa, ikawa ya kiume.

"Ni mimi. Elkanah."

Bibi akaushika mkono wake, akaupapasa kidole kwa kidole, kisha akausukuma pembeni.

"Mwongo wewe," alisema. "Elkanah hajawahi kunidanganya."