Umrudishe Kitini

Walipokuwa wakigawa ufundi Kioko alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Walipogawa adabu, alikuwa amelala. Jumapili ile, magharibi ikiingia, aliitwa kutengeneza feni kwenye ukumbi wa dansi kule Mikindani. Mkewe Josephine, mwenye mimba ya miezi minane na nusu, alimsindikiza hadi mlangoni pa chumba chao Miritini.

"Usichelewe," alimwambia. "Kiuno chaniuma tangu mchana."

Kioko akaitika kwa kichwa, akaenda zake.

Ukumbini joto lilimpokea kabla ya watu. Miili ilibanana, jasho likitiririka hadi sakafuni. Mlangoni alikaa Mzee Mwarandu, bawabu, uso ameukunja. Nyuma yake palibandikwa karatasi: *Njoo na kitambaa cha jasho. Shati likilowa, badilisha. Uliyemtoa kitini, umrudishe kitini.*

"Hii ni klabu ama ni shule?" Kioko akacheka.

"Soma, upite."

Feni ilikuwa juu. Kioko akatazama huku na huku, akaona kiti kimoja kitupu pembeni, juu yake leso ya kijani imekunjwa vizuri.

"Hicho usikiguse," Mwarandu akasema. "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mzee akageuka kupokea wateja. Basi Kioko, kwa ule ujeuri wake, akaitupa leso chini, akapanda kitini na viatu vyake vya matope. Feni ikazunguka. Alipokuwa akishuka...

Kra!

Mguu wa kiti ukavunjika. Akakitupa nyuma ya ukumbi, kwa Kai mchoma nyama. Aliporudi, palipokuwa na kiti palisimama mwanamke. Mwembamba, leso ya kijani begani.

"Umenitoa kitini," akasema polepole. "Basi tucheze."

Kioko akadhani amependwa. Wanaume wengine, wallahi, hata wakitukanwa hudhani wamependwa.

Wakacheza. Watu wote walikuwa wamelowa chapachapa, ila yeye. Shingo kavu. Kiganja kikavu, tena baridi. Akanuka udongo uliochimbwa sasa hivi... Kioko akakosea hatua, akamkanyaga.

Kiatu kikagonga sakafu. Hapakuwa na mguu pale.

Akamwachia mkono katikati ya wimbo, akawapiga watu vikumbo hadi mlangoni.

"Umemrudisha?" Mwarandu akauliza.

"Ana miguu yake, atarudi mwenyewe," Kioko akajibu.

"Haya. Basi ni wako."

Alifika nyumbani saa mbili. Josephine alikuwa amesimama katikati ya chumba, miguu imevimba, anayumba kushoto, kulia.

"Mbona hukai?"

"Siwezi." Alikuwa akilia. "Nikikaa nainuliwa. Kuna mtu ananiinua, Kioko."

Kiti chake kilikuwa kitupu. Juu yake, leso ya kijani imekunjwa vizuri.

Chumba kizima kilinuka udongo.

Kisha sikioni mwake, karibu kabisa: "Nirudishe."

Kioko aliogopa, tena aliogopa vibaya, na kwa mara ya kwanza hakuiogopea nafsi yake. Akabisha hodi kwa jirani yao, Mama Dama, akamwomba akae na Josephine. Akaichukua ile leso kwa ncha za vidole, akapanda bodaboda.

"Mzee, nisaidie," alimwambia Mwarandu. "Nimekosa. Nifanye nini?"

"Itandike kitini pake, umwombe radhi. Hataki kingine. Alikuwa akikikalia kabla ya ukumbi huu kuwa ukumbi."

Wakaenda nyuma. Kai alikuwa akichochea makaa. Kioko akamwulizia kile kiti.

"Kiti kipi? Si kile kibovu ulichonipa mwenyewe?" Akaonyesha jivu kwa koleo. "Nimechomea mbuzi."

Kioko akarudi ndani, akatandika leso juu ya kiti cha kwanza. Ikateleza, ikaanguka. Cha pili, ikaanguka. Akajaribu viti vyote vya ukumbi huku wachezaji wakimzomea, na wengine wakimsukuma. Akapiga magoti sakafuni, kwenye jasho la watu, akaomba radhi kwa sauti.

Simu ikaita. Mama Dama.

"Rudi, baba. Chupa imepasuka, mtoto anakuja, na mkeo hataki kulala. Tuko majirani wanne, tunamlaza, anatushinda, anainuka."

"Mshikeni, nakuja..."

"Hashikiki. Anacheza, Kioko." Mama Dama akanong'ona. "Anacheza na mkono ameunyoosha mbele... kama kuna mtu amemshika."

Kioko akageuka kumtafuta Mwarandu. Mzee alikuwa ameshabandua ile karatasi mlangoni, anaikunja.

"Toka," akamwambia. "Hana kiti tena hapa, yuko kwako. Watu wanataka kucheza."